Kona Namba Tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, moshi wa majiko ukiwa bado umelala chini ya migomba, Agnetha alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda chake nyuma ya nyumba, kaunta buku magotini na penseli sikioni. Kwenye ukurasa alikuwa amechora kwa rula safu nne: saa, mdudu, ua, idadi. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwafundisha baiolojia watoto wa sekondari mjini Bukoba, akiwaambia kwamba kitu kisichoandikwa hakikuonekana. Sasa alikuwa mstaafu na mjane, amehamia Buganguzi kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa, cha marehemu mumewe Kamala, na hakuwa na mwanafunzi wa kumwambia hayo ila yeye mwenyewe.

Jumanne hiyo ya mwezi wa tatu ilianza vizuri. Nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao, alizuru maua ya maharage mara kumi na moja. Nyuki wadogo wasiouma, wanaoishi kwenye ufa wa ukuta wa jiko, walishughulika na ua la boga bila kupumzika. Vipepeo weupe wawili walipita bila kutua, naye akawaandika hivyo hivyo, wapita njia. Kinyonga wa kwenye mbuni wa kwanza, mti wa kahawa, alikuwa palepale alipokuwa juzi, ana rangi ya jani na haraka ya karani.

Saa moja na dakika kumi nyuki mmoja alitua hewani.

Alitua kama nyuki yeyote anavyotua: alipunguza mwendo, akateremsha miguu, akashika. Pale aliposhika, futi mbili juu ya kichwa cha mtu mzima, kati ya mbuni wa mwisho na shamba la shemeji yake, hapakuwa na jani wala tawi. Nyuki aliingiza kichwa ndani ya pale pasipo na kitu, akatulia sekunde nne, akatoka na chavua ya manjano kwenye miguu ya nyuma. Kisha akasogea pembeni kidogo na kuingiza kichwa tena. Kwenye safu ya ua Agnetha aliandika "hakuna", halafu akafuta. Mwalimu wa baiolojia haandiki hakuna kwa kitu ambacho hajakichunguza. Akaandika "halionekani".

Mpaka Jumamosi alikuwa na kurasa tisa. Sehemu za namna hiyo zilikuwa sita, zimejipanga mstari mmoja kutoka kwenye mparachichi mpaka kwenye mfereji, hatua tano tano. Chozi dume, kale kandege kenye koo la kung'aa, kalijishika kwenye sehemu ya nne, kakaning'inia kichwa chini bila kupiga bawa, kakanywa. Umande ukiwa haujakauka palikuwa na harufu nzito, tamu, iliyomkumbusha Agnetha kitu, lakini kila alipokaribia kukitaja kilimponyoka. Alifungua mwavuli mweupe chini ya sehemu ya pili, kama alivyokuwa akiwaonyesha wanafunzi, na baada ya nusu saa kitambaa kilikuwa na vumbi la chavua. Aliliandika nalo.

Kijiji nacho kilikuwa kinamtazama yeye. Huku Omukashenye, kitongoji chao, mtu hashangai nyuki akitua hewani; nyuki ana mambo yake. Anayetiliwa shaka ni mwanamke anayekaa kwenye kigoda akiyaandika. Wengine walisema ametumwa na wilaya kuhesabu mikungu ya watu. Wengine walisema wale wadudu anawafuga na kuwatuma. Waliowahi kufundishwa naye walisema Mwalimu hakuwahi kuandika jina la mtu bure, na hao ndio waliopita mbali zaidi.

Jumapili baada ya ibada alikuja Ephrasia, mke wa shemeji yake Projestus. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani na kifurushi kidogo cha kahawa ya kutafuna mkononi. Agnetha aliutazama ule mkungu kutoka pande zote. Tangu walipomzika Kamala, mwezi wa kwanza, nyumba ile ya jirani haikuacha kumletea vitu: ndizi, parachichi, siku moja hata jogoo. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini Projestus hakuwahi kuwa mtu wa kutoa. Kamala alikuwa akisema ndugu yake hata salamu huitoa nusu.

"Kasinge, Mwalimu," alisema Ephrasia, akipiga magoti kidogo.

"Kasinge, Ephrasia. Karibu kiti."

Walitafuna kahawa. Ephrasia alilitazama lile daftari kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

"Wadudu unawaandika kweli, dada?"

"Nawaandika."

"Na watu wanaopita?"

"Watu siwaandiki."

"Projestus anasema hao wadudu ndio wanaotuletea mnyauko. Wananyonya kwenye ua dume la mgomba mgonjwa, halafu wanakwenda kwa mzima. Si bwana shamba alisema?"

"Alisema, na ni kweli. Ndiyo maana maua dume yangu yote nimeyavunja kwa kijiti cha panda, kama alivyotuelekeza. Ya kwenu bado yananing'inia, nayaona kutoka hapa."

Ephrasia aligeuka kutazama migomba yao, na macho yake yakapita kwenye ule mstari wa nyuki waliokaa juu, sehemu zote sita, wakishughulika na hewa. Hakushtuka.

"Na hawa?" aliuliza, kwa adabu tu.

"Hawa sijajua wanatafuta nini."

"Si wanakula maua, dada waitu. Hapo palikuwa na..."

Akaikatiza kauli. Akasema sufuria lake liko motoni, akajifunga kanga upya, akaondoka kwa mwendo wa mtu ambaye hana sufuria motoni. Agnetha alifungua ukurasa mpya, akaandika: saa saba na robo, Ephrasia, hapo palikuwa na. Ilikuwa mara ya kwanza kumwandika mtu.

Jumatatu alichukua jembe. Chini ya sehemu ya kwanza udongo ulikuwa laini, umechanganywa na maganda ya kahawa na majivu, umekanyagwa vizuri na mtu aliyetaka uonekane wa zamani. Shimo lilifika gotini. Chini ya sehemu ya tatu alipata kipande cha mzizi chenye rangi ya chungwa, akakinusa, na ile harufu iliyokuwa ikimponyoka ikarudi yote kwa pamoja. Ilikuwa mlamula.

Kila Mhaya anaujua mlamula, ule mmea mrefu wa majani membamba yaliyochanua kama mkono, ambao ukiukata unachipua na ukiusahau haukusahau. Wazee waliupanda mpakani, kati ya kibanja na kibanja, ili ndugu wasigombane. Waliupanda na kaburini pia, kichwani mwa marehemu. Mmea ni uleule, na wao hawakuona shida, kwa kuwa walijua kila mmoja umesimama kwa sababu gani. Kwa vile sasa wengi waliojua wamelala chini yake, mambo yamekuwa magumu kidogo.

Agnetha aliketi pembeni ya shimo. Alipokuja kuzika, mwezi wa kwanza, aliona kibanja kimepungua, akadhani ni macho ya msiba. Tangu mwezi wa kumi alikuwa mjini, akilala kwenye nyumba yao ya Bilele na kushinda hospitali kando ya kitanda cha Kamala, ambaye kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya kauli na upande wote wa kulia. Katika miezi hiyo ndipo kamati ya ardhi ilipopita kitongojini kupima vibanja vya watu kwa ajili ya hati za kimila. Projestus ndiye aliyewaonyesha mipaka, ya kwake na ya kaka yake, ili kuwasaidia. Projestus ndiye aliyeichukua hati yao na kumletea siku ya arobaini, ndani ya bahasha, pamoja na parachichi sita. Agnetha alikuwa ameiweka kabatini bila kuifungua. Mtu aliyefiwa hafungui bahasha.

Sasa aliifungua. Ramani ilikuwa na kona tano, kila moja na maelezo yake. Kona namba moja, mparachichi, ila si ule wa mstari wa nyuki, ni mwingine wa ndani zaidi, mdogo, ambao Kamala aliupanda mwenyewe. Kona namba mbili, jiwe. Kona namba tatu, mlamula mkubwa.

Katika kibanja chote ulikuwa umebaki mlamula mmoja mkubwa, na ulikuwa umesimama kichwani mwa Hellen.

Hellen alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikufa kwa malaria akiwa na miaka saba, Februari moja, zamani, na baba yake, Kamala, ndiye aliyesema azikwe kule chini, penye kahawa, karibu na mfereji aliopenda kuchutama akitazama viluwiluwi. Agnetha alikuwa ameupanda ule mlamula kwa mkono wake. Alikuwa amekwisha kumwambia mchungaji, na kumwandikia, kwamba siku yake ikifika asilazwe juu karibu na nyumba bali kule chini, kushoto kwa mtoto. Kwa mujibu wa ramani mstari ulipita kichwani, palepale penye mlamula, na mtoto mwenyewe, mwili wote, alikuwa upande wa pili. Upande huo, chini ya banda la Projestus, ilikuwa inasubiri mvua miche mia mbili ya mikaratusi kwenye viriba vyeusi. Mkaratusi unakunywa maji yote na hauachi nafasi ya mtu. Agnetha hakulia, kwa kuwa hasira ilikuwa imefika kwanza.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na huku kwetu kinakuja kimebeba ndizi.

Alikwenda Bukoba kutafuta ushahidi. Nyumba ya Bilele aliipekua siku mbili. Alipata picha za ubatizo, za harusi, za Kamala akiwa na kombe la shule, na picha moja ya kibanja ambapo milamula ya mpakani ingeonekana yote sita kama wageni wasingekuwa wamesimama mbele yake, tena wote warefu. Kabla ya kupanda gari la kurudi aliingia dukani kwa Manorama kununua kaunta buku nyingine na lenzi. Manorama alikuwa bibi wa miaka themanini, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki mjini, na duka lile lilikuwa la baba mkwe wake, mzee Ramniklal.

Agnetha alimweleza habari ya nyuki, kwa kuwa Manorama ni mtu anayesikiliza huku akipima kitambaa.

"Wangu wanakuja ukutani," alisema Manorama. Akamwonyesha kwa futi ya mbao, kupitia dirisha la nyuma, ukuta wa saruji uliokata ua wake katikati. Kwenye ule ukuta, juu, nyuki waliingia na kutoka ndani ya saruji bila shida. "Mama mkwe alipanda asumini pale, kabla ua haujagawanywa. Kila mwaka wanakuja. Mwanangu Vipul alipaka rangi mara mbili."

"Na kile kipande cha ua je? Mlirudishiwa?"

Manorama alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ziwa lina chumvi.

"Lenzi hii ni nzuri," alisema. "Ya Ujerumani."

Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa Karugendo, mtu wa miaka arobaini na mitano, mnyenyekevu kupita kiasi, ambaye aliwahi kukaa dawati la pili katika darasa la Agnetha. Alimwamkia kwa mikono miwili. Alimwita Mwalimu mara tatu katika sentensi moja. Agnetha, aliyekuwa amesahihisha mitihani yake, alimtilia shaka papo hapo, kwa kuwa Karugendo alikuwa na tabia ya kuwa na heshima nyingi pale asipojua jibu.

Hata hivyo, alipomwomba aje ajionee, alikuja. Alhamisi, saa moja kasoro, alifika na katibu wake, mzee Kaijage, na wajumbe wanne. Projestus alikuja na viti vyake mwenyewe, akavipanga upande anaouita wake, akawakaribisha watu wakae. Alikuwa amevaa koti la kaka yake. Ephrasia aligawa kahawa ya kutafuna.

"Mwalimu," alisema Karugendo, "tunaomba utueleze."

"Sielezi. Subirini saa moja na dakika kumi."

Wakasubiri. Saa moja na dakika kumi nyuki walikuja. Walitua kwenye sehemu zote sita, juu, wakaingiza vichwa, wakatoka wa manjano. Chozi alining'inia kwenye ya nne. Wajumbe walitazama kwa umakini wa watu wanaotazama ng'ombe kabla ya mahari. Mzee Kaijage alinyanyuka, akapita chini ya mstari mzima akihesabu kwa kidole, akarudi.

"Sita," alisema.

"Andika," alisema Karugendo. "Nyuki wameonekana wakila maua ya milamula sita ambayo haipo."

"Niandike ambayo haipo, au iliyokuwepo?"

Wajumbe walijadiliana. Mmoja alisema nyuki hawezi kula ua ambalo halikuwahi kuwapo, huo ungekuwa upuuzi. Wakakubaliana ikaandikwa "iliyokuwepo". Agnetha aliliona lile neno likiandikwa kwa wino wa bluu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ya jembe akavuta pumzi mpaka chini.

Projestus alisimama. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mwenyekiti, mimi nyuki siwapingi," alisema. "Wamesema kweli. Milamula ilikuwepo na niliing'oa mimi, kwa jembe langu. Kaka ndiye aliyeniambia. Alisema, Projestus, kipande hiki kiwe chako, mimi sina wa kumwachia."

"Lini?" aliuliza Agnetha.

"Mwezi wa kumi na mbili, shemeji. Nilipokuja kumwona hospitali."

"Kamala alipoteza kauli mwezi wa kumi."

"Sikusema alisema kwa mdomo. Alinionyesha kwa mkono."

"Mkono upi?"

Projestus alifikiri. Watu wote walimtazama akifikiri.

"Wa kulia," alisema. "Mtu mwenye akili zake haonyeshi jambo la maana kwa kushoto."

Wawili kati ya wajumbe wale ndio waliomvalisha Kamala suti ya kuzikwa, na walikumbuka jinsi ule mkono wa kulia ulivyokuwa umekauka tangu akiwa hai, mpaka ikabidi wachane mshono wa koti. Mmoja wao alianza kujikuna shingo. Mzee Kaijage aliuliza kama aandike mkono, akaambiwa aandike. Akaandika: mkono wa kulia.

Karugendo alikunja mikono kifuani kama mtu aliye kanisani.

"Mwalimu, mimi nakuamini," alisema. "Nyuki nawaamini zaidi. Lakini nyuki hawana muhuri. Na mkono wa marehemu, uwe wa kulia, uwe wa kushoto, hauna muhuri. Hati ndiyo ina muhuri."

"Kona namba tatu ni kaburi la mwanangu."

"Kona namba tatu ni mlamula mkubwa. Ndivyo ilivyoandikwa." Akainamisha kichwa. "Ni wewe uliyetufundisha, Mwalimu. Kitu kisichoandikwa hakikuonekana. Kaburi halikuandikwa."

Alilisema kwa upole, kama mwanafunzi anayerudisha kitabu alichoazimwa. Agnetha alitaka kumpiga kofi, na alitaka pia kumpa alama zote, na mambo hayo mawili yalimkalisha kwenye kigoda mpaka watu walipoondoka. Projestus alimsalimia tena kwa kuaga. Alikunja viti vyake, akasahau kimoja upande wa Agnetha, akarudi kukichukua, na kabla ya kuvuka akasema samahani.

Baadaye, akiosha vikombe, wazo baya lilimjia na halikuondoka tena. Mkono wa kushoto wa Kamala ulikuwa mzima. Siku nyingi, mwezi ule wa kumi na mbili, aliuinua akionyesha dirishani, akasumbuka, akaonyesha tena. Agnetha alidhani anataka pazia lifungwe, akafunga. Huenda alikuwa akionyesha kijijini. Huenda alikuwa anamwambia nenda, wanang'oa. Huenda, na hili ndilo lililomfanya aiache sabuni ikizama kwenye beseni, alikuwa amekwisha kumkubalia ndugu yake jambo na anataka kusamehewa. Miaka thelathini na minane ya ndoa ilimwambia si kweli. Lakini shaka ni kama chawa, huletwa na mtu mwingine na kubaki na wewe.

Mvua za masika zilishuka vizuri mwaka huo. Projestus alipanda mikaratusi yake kwa mistari iliyonyooka kutoka ukingo wa mfereji mpaka kwenye mstari wa hati. Nyuki waliendelea kuja kwenye milamula yao kila asubuhi, na kijiji kikazoea kiasi kwamba akina mama waliotoka kisimani na ndoo kichwani waliinama kidogo wakipita hapo wasije wakagonga maua. Projestus hakuwa mtu wa kuacha neema ipotee. Alitundika mizinga mitatu kwenye ule mparachichi wa zamani, na mwezi wa tano akarina asali nyeupe, nzito, yenye harufu ya mlamula. Alimtuma Ephrasia amletee shemeji chupa moja.

"Anasema ni ya kwenu pia," alisema Ephrasia, akitazama chini.

"Mwambie nimepokea."

Agnetha aliiweka nyuma ya kopo la chumvi na hakuifungua. Kwenye daftari aliandika tarehe ya kurina.

Mwezi wa sita, Alhamisi, wakati Agnetha yuko kwenye mkutano wa wanawake kanisani, Projestus aliukata mlamula wa kona namba tatu. Aliung'oa na mizizi, kwa sababu alikuwa ameambiwa mlamula huchipua na kusogea, lakini saruji haisogei. Mahali pake alisimamisha nguzo fupi ya zege, akaipaka chokaa, akachora juu yake namba 3 kwa rangi nyeusi, kwa mkono mzuri, maana yeye na Kamala walisoma shule moja. Agnetha aliporudi rangi ilikuwa bado mbichi. Alisimama upande wake akiitazama mpaka kuku walipopanda kulala.

Kesho yake alikaa kwenye kigoda kama kawaida. Saa moja na dakika kumi nyuki walikuja kwenye sehemu sita. Saa moja na robo walikuja kwenye ya saba.

Ya saba haikuwa juu. Ilikuwa chini, karibu na nguzo, na nyuki wake hawakuingiza vichwa mahali popote. Walikusanyika tu wakakaa, wengi, wameshikana, kuanzia kwenye majani mpaka kimo cha mbavu za Agnetha, na hawakuvuma kwa nguvu. Chozi alikuja, akatua juu yao kidogo, akaondoka bila kunywa. Kisha sehemu ya saba ikatembea. Ilizunguka nguzo mara mbili. Ilikwenda mfereji, ikapungua urefu kwa nusu kama mtu anayechutama, ikakaa hivyo kwa dakika kumi na mbili penye viluwiluwi. Ikainuka. Ikaja moja kwa moja kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, mpaka ikafika kwenye mstari wa hati, na hapo ikasimama.

Agnetha alisubiri. Nyuki mmoja mmoja walitoka kwenye kundi, wakavuka kwenda kwenye maharage yake, wakafanya kazi, wakarudi. Wakiwa pamoja hawakuvuka. Walisimama kwenye mstari mpaka jua lilipokuwa kali, halafu wakarudi kwenye nguzo na kutawanyika. Ilikuwa hivyo Jumamosi na Jumapili.

Jumatatu alikwenda na futi kamba. Aliinyoosha akiwa upande wake, nyuki wakamwacha apime. Sentimita mia moja kumi na mbili. Akaingia ndani, akapiga magoti kwenye mwimo wa mlango wa chumba, mahali ambapo fundi rangi aliambiwa mara nyingi asipake. Palikuwa na mstari wa penseli na maandishi ya Kamala: Hellen, Krismasi. Alipima kutoka sakafuni. Mia moja kumi na mbili.

Alirudi kwenye kigoda. Aliandika saa, na kwenye safu ya mdudu akaandika nyuki, na kwenye safu ya idadi akaandika mmoja. Kisha akafunga daftari, akaliacha chini, akaenda mpaka kwenye mstari.

Upande wa pili Projestus alikuwa akipalilia miche kwa panga. Alikuwa amemwona tangu alipotoka nyumbani. Alikuwa amewaona na nyuki. Alikuwa amezunguka mbali kidogo kuwapisha, kama mtu anavyompisha mtoto wa ndugu anayecheza njiani.

"Ni yeye, shemeji?" aliuliza.

"Ni yeye."

"Nilimwambia Ephrasia. Nilisema kile kimo nakijua." Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma Agnetha kuliko yote. "Anakuja kila siku. Hatumsumbui."

Agnetha alitazama nguzo nyeupe, na namba yake, na lile kundi lililosimama mbele yake kwa umbali wa mkono, likisubiri. Alikuwa ameapa kwamba katika ardhi ile, iliyokuwa yake, hatasema neno la mgeni anayeomba kuingia. Alilisema.

"Hodi."

Projestus alifuta panga kwa jani la mgomba, akanyoosha mgongo, akamwonyesha njia kwa mkono wa kulia.

"Karibu, shemeji," alisema. "Ila angalia usikanyage miche."

Agnetha akavua viatu, akaviacha upande wake, akavuka.